Uhai Uliofichwa Katika Tawi Kavu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Mazwi huliona kila mwaka, lakini ni wachache wetu wanaolizingatia.

Mji wetu wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikikoma, huja baridi ya Juni na Julai pamoja na upepo mkavu, wala mvua haituelekei tena mpaka Novemba. Katika muda huo miombo iliyobaki kwenye miteremko ya kushukia Ziwa Rukwa hupukutisha majani. Mpita njia huitazama akasema: "Miti hii imekufa." Je, ni kweli?

Hebu tuchukue kijitawi tukitazame. Juu ya kovu la jani lililoanguka pana tumba dogo, na ndani yake majani machanga yamekunjwa tayari. Katika miti mingi tumba hilo hufunikwa na magamba yaliyopangana kama vigae, ili unyevu usipotee. Kwa kuangusha majani, mti umefunga milango inayotoa maji yake. Na chakula chake umekiweka akiba katika shina na mizizi.

Huko Ulaya, kwenye theluji, hekima ni hiyo hiyo. Matumba hutengenezwa tangu majira ya joto. Baridi ikikaribia, sukari huongezeka ndani yake, na sehemu ya maji hutoka katika chembe hai yakaganda nje, ili barafu isizipasue. Na miti mingi ya huko haifungui matumba mpaka ipitiwe na baridi ya kutosha, isije ikadanganywa na joto la siku mbili.

Miombo yetu hufungua matumba mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, kwa maji yaliyohifadhiwa shinani na yale yanayovutwa na mizizi mirefu. Ndiyo maana milima huonekana myekundu kwa majani mapya hali ardhi ingali vumbi.

Basi adui mkubwa wa tumba si baridi, bali ni moto wetu. Huko Ndola, nchini Zambia, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 kuchoma vipande vya miombo ili kulinganisha. Palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa na matumba yakifunguka, miti iliangamia kidogo kidogo na nyasi zikatawala. Palipochomwa mapema, nyasi zingali na ubichi, miti ilidumu. Mti ulioungua huweza kuchipua tena kutoka shinani. Lakini ukiunguzwa mwaka baada ya mwaka, akiba yake huisha.

Ndugu zangu, Qur'ani yatuita mara nyingi tuitazame ardhi iliyokufa inavyohuishwa. Basi kabla ya kuinua shoka juu ya mti usio na majani, tukwangue gome la kijitawi chake kwa ukucha. Tukikuta ubichi, tujue kwamba mti huo u hai, unangoja wakati wake. Na tusiwashe moto Septemba katika pori ambalo Mola wetu anataka kulivika nguo mpya.