Usingizi wa Mja Mzito si Uvivu

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukweli wa methali hii hudhihirika pale mama mja mzito anapoonekana akisinzia mchana. Wapo wamchekao, na wapo wamwitao mvivu. Ni wachache mno wanaojiuliza alilala kwa muda gani usiku uliotangulia.

Hebu tumtazame mwalimu mwenye mimba ya miezi sita. Hurejea nyumbani jioni na bunda la madaftari ya kusahihishwa. Kabla hajayagusa, sharti apike, aoshe vyombo na kuwalaza watoto. Hupanda kitandani saa sita za usiku, na ifikapo saa kumi za alfajiri yu macho tena, akiwatayarishia watoto chai na sare za shule. Hizo ni saa nne tu, nazo zimekatizwa na haja ndogo mara kadha.

Yafaa ifahamike kwamba uhaba huo hauleti uchovu pekee. Mnamo mwaka 1999, Karine Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza jinsi vijana 11 wa kiume wenye afya walivyolala saa nne kila siku kwa siku sita mfululizo. Uwezo wa miili yao kuitumia sukari ulipungua. Hao walikuwa wanaume! Mja mzito ana mzigo wa ziada, kwa kuwa homoni zitokazo kwenye kondo huipunguzia insulini nguvu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Hilo lisipowezekana, sukari hupanda katika damu. Hicho ndicho kisukari cha ujauzito.

Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusu waja wazito zaidi ya 700 waliovaa mkononi vifaa vya kupimia usingizi. Waliolala chini ya saa saba walipatwa zaidi na maradhi hayo. Kweli, mambo mawili kuandamana si ithibati kwamba moja limelizaa jingine. Umri, unene na urithi pia huchangia. Hata hivyo, tutapoteza nini tukimwacha mama alale?

Madhara ya kupuuza si madogo. Mtoto aweza kukua kupita kiasi tumboni, uzazi ukawa mgumu, na mama akaja kupatwa na kisukari cha kudumu miaka ya baadaye. Aghalabu maradhi haya hayana dalili. Kwa hiyo kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28 ni muhimu. Mama anayekoroma sana au kukosa usingizi amweleze muuguzi kliniki.

Mume naye aoshe vyombo. Mwalimu mkuu asimpangie mja mzito zamu ya usiku wala ya alfajiri. Nanyi wanafunzi mnaosoma kazi ya insulini katika Biolojia, ipelekeni elimu hiyo nyumbani kwa mama na dada zenu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi isiyopungua miezi mitatu. Miezi inayoitangulia likizo hiyo imeachiwa utu wetu.