Mtoto mwenye haya anapoalikwa kwenye kongamano la programu

Mgeni akiingia sebuleni, yeye hutokea mlango wa jikoni. Simu ikiita, husubiri ikatike kisha hutuma ujumbe. Tangu akiwa shule ya msingi, walimu waliandika maneno yale yale kwenye ripoti yake: anafanya vizuri, ila ajitahidi kuongea darasani.

Sasa ana miaka 21 na yuko mwaka wa pili chuoni. Jioni moja anamwambia mama yake kwamba amepata nafasi ya kwenda Arusha, kwenye kongamano la watengeneza programu za kompyuta. Nauli na malazi vimelipiwa na waandaaji.

Mama anafurahi. Lakini kabla hata hajampongeza, swali linamtoka: "Utaenda kufanya nini huko, mwanangu, wakati hata shangazi yako akija unajificha?"

Huu ni mfano tu, ila wazazi wengi watalitambua swali hilo, kwa sababu wamewahi kuliuliza kwa namna moja au nyingine. Husemwa kwa utani na kwa mapenzi. Hata hivyo, linaweza kumfanya binti aandike usiku huohuo kwamba amepata dharura na hataweza kuhudhuria. Akifanya hivyo mara moja, mara ya pili inakuwa rahisi zaidi.

Kongamano lenyewe ni la nini?

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Simu za Android zilizo mikononi mwa wazazi wengi zinaendeshwa kwa kutumia kiini cha Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa miaka 21 jijini Helsinki, Finland. Tangu hapo maelfu ya watu wameiongezea, wengi wao bila kuonana kamwe.

Kiswahili nacho kina historia yake humo. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kupitia mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hivyo watafsiri waliweza kuingia ndani na kubadilisha maneno.

Kazi hii hufanyika zaidi kwa maandishi. Mtu anasoma msimbo, anaona kosa, anatuma marekebisho. Wenye mradi wanayakagua, wanaandika maoni yao, naye anarekebisha tena hadi yakubalike. Hakuna anayemkatiza wala anayemharakisha kujibu. Kwa kijana mkimya, hapo ni mahali pa kupumulia: anapimwa kwa alichokifanya, na ana muda wa kufikiri kabla ya kujibu.

Ugumu unakuja pale watu hao wanapoamua kukutana ana kwa ana. Mjini Brussels, Ubelgiji, mkutano uitwao FOSDEM hukusanya maelfu ya watu chuoni mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, bila kiingilio na bila kujiandikisha. Hapa nyumbani, kongamano la DjangoCon Africa lilifanyika Zanzibar Novemba 2023, kisha Arusha Agosti 2025. Django ni nyenzo huria ya kutengenezea tovuti, iliyozaliwa ndani ya chumba cha gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005.

Kwa kijana aliyezoea kuzungumza na watu hawa kupitia skrini, kukutana nao kwenye foleni ya chai ni mtihani mwingine kabisa.

Haya, ukimya na woga uliozidi

Kabla ya kumsaidia mtoto, mzazi anahitaji kutofautisha mambo matatu ambayo nyumbani huitwa kwa jina moja, "aibu".

La kwanza ni ukimya wa kawaida. Huyu hana woga na watu, ila makundi yanamchosha na anapenda kukaa na wachache. Akibaki chumbani kwake anakuwa na raha, wala hasikitiki.

La pili ni haya. Huyu anatamani kuongea na wenzake, lakini moyo unamwenda mbio, maneno yanakwama, na baadaye anajilaumu kwa kukaa kimya. Sehemu ya hali hii huonekana mapema sana. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alifuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne, akakuta takriban mmoja kati ya watano alishtushwa kwa urahisi na vitu vigeni, na wengi wa kundi hilo walielekea kuwa waoga wa ugeni walipokua kidogo. Hata hivyo, si wote waliobaki hivyo. Maumbile yanaanza safari, malezi na mazoezi yanaiendeleza.

La tatu ni woga uliozidi. Kijana anakwepa vipindi, anashindwa kula mbele za watu, anaacha masomo au kazi kwa hofu ya kutazamwa, na hali hiyo inaendelea kwa miezi sita au zaidi. Huyo anahitaji kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo husaidia, na kumsukuma kwa nguvu kwenye ukumbi wenye watu wengi kunaweza kumzidishia tatizo.

Lipo pia suala la malezi yetu. Binti mwenye haya husifiwa tangu utotoni: ana adabu, hana maneno mengi, hajibizani na wakubwa. Miaka 20 baadaye, watu walewale waliomsifu wanamuuliza kwa nini hajui kujieleza. Si haki kumlaumu kwa somo alilofundishwa na akalifaulu.

Ndani ya ukumbi

Mzazi akijua siku ya kongamano inavyokwenda, anaweza kumsaidia kijana kupanga. Asubuhi huwa na mada: mtu anasimama mbele na kueleza, wengine wanakaa na kusikiliza. Sehemu hii haimsumbui mwenye haya.

Kinachomsumbua ni mapumziko. Watu wanamiminika kwenye korido wakiwa na vikombe vya chai, wanasimama kwenye miduara, wanacheka. Wazoefu husema manufaa makubwa ya kongamano hupatikana hapo. Mtu anapata wa kumwelekeza, anasikia nafasi ya mafunzo au kazi, anagundua kwamba tatizo lililomnyima usingizi mwenzake ameshalitatua. Mwenye haya huona migongo tu. Anaingia msalani, anakaa humo hadi kengele ilie, au anasimama ukutani akijifanya anasoma simu.

Wandaaji wengi wanalijua hili. Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa mikutano ya waandishi wa nyaraka za programu, alipendekeza kanuni aliyoipa jina la Pac-Man, mchezo wa video wa mwaka 1980 wenye duara la njano lililoachama mdomo. Watu wakisimama kuzungumza, waache mwanya wa mtu mmoja. Anayepita akiuona anajua amekaribishwa, na akiingia, wote wanasogea ili mwanya mwingine upatikane. Kwa watu wa pwani hilo si jambo jipya: barazani, anayefika husogezewa nafasi kwenye mkeka kabla hajaomba.

Kijana akiijua kanuni hii, anajua pa kutazama. Atafute duara lenye mwanya, asogee, asikilize. Halazimiki kusema lolote kwa dakika tano za mwanzo.

Baada ya siku za mada, makongamano mengi huwa na siku moja au mbili za kukaa mezani na kuandika msimbo pamoja. Hapa ndipo mwenye haya anapong'ara. Kuna kazi mbele yao, kuna kompyuta ya kutazama badala ya kutazamana usoni, na mazungumzo yana mada. "Mstari huu unafanya nini?" ni swali rahisi kuliko "Habari, wewe ni nani?" Kosa ambalo vijana wengi hufanya ni kuondoka mada zikiisha, wakati siku hizo ndizo zingewafaa kuliko zote.

Kabla ya safari

Mzazi hahitaji kujua kompyuta ili kusaidia. Yapo mambo manne yanayowezekana nyumbani.

Kwanza, mwombe aeleze anachokifanya, na umsikilize hadi mwisho. Akishaweza kumweleza mama au baba ambaye hajui msimbo, ameshafanya zoezi la kumweleza mgeni. Asaidiwe kufupisha maelezo yawe sentensi mbili: jina lake na kitu anachokishughulikia.

Pili, achague watu wawili, wasizidi, ambao tayari wameandikiana kwenye kazi, awaandikie mapema kwamba atakuwepo na angependa kuwasalimia. Kukutana na mtu anayekusubiri ni tofauti sana na kumvamia mtu usiyemjua.

Tatu, aulize kama wanahitaji watu wa kujitolea. Anayegawa vitambulisho mlangoni au kuelekeza watu vyumbani ana sababu ya kuongea na kila mtu, na maneno ya kusema anayo tayari. Wengi wenye haya hawaogopi kuongea wakiwa na jukumu. Kinachowatisha ni kuongea bila sababu.

Nne, apange muda wa kupumzika. Kukosa kipindi kimoja na kukaa chini ya mti kwa nusu saa si uzembe. Baadhi ya makongamano hutenga chumba cha utulivu kwa ajili hiyo.

Usalama nao usisahaulike, hasa kwa binti anayesafiri peke yake. Kongamano makini huwa na kanuni za maadili zilizoandikwa, zinazokataza usumbufu wa kijinsia na kueleza malalamiko yapelekwe kwa nani. Mzazi azisome pamoja na mtoto. Ajue atalala wapi na nani, atarudije jioni, na namba ya mtu wa kupigiwa likitokea jambo. Kuuliza hayo ni wajibu wa mzazi. Ila ukishaamua kuruhusu, ruhusu kweli. Kupiga simu kila saa kunampa kijana sababu ya kukaa pembeni na simu yake, mahali ambapo tayari alitaka kukaa.

Akirudi nyumbani

Swali la kwanza likiwa "Umeongea na watu wangapi?" safari yote inageuka mtihani ambao anajua amefeli. Muulize alichojifunza, nani alimvutia, chakula kilikuwaje. Akisema alizungumza na watu wawili kwa siku tatu, usimtajie kaka yake ambaye angeongea na ishirini. Kwake yeye wawili ni wengi, na huenda ndio atakaofanya nao kazi miaka ijayo.

Jambo gumu zaidi kwa mzazi ni kuacha kumtangaza. "Huyu wangu ana aibu sana" ni maneno yanayosemwa mbele ya mtoto kwa nia ya kumtetea, lakini kila yakirudiwa anayasikia kama hukumu. Mzazi anaweza kunyamaza tu na kumpa mtoto sekunde chache za kujibu mwenyewe. Sekunde hizo huonekana ndefu, hasa mgeni akiwa anasubiri.

Mama wa mfano wetu alifika kituo cha mabasi asubuhi ya safari akiwa na maneno mengi ya ushauri. Akamwambia moja tu: "Ukichoka, pumzika, kisha urudi."

Binti alirudi baada ya siku tano. Siku ya kwanza alikaa msalani mapumziko yote mawili. Ya pili alisimama kwenye duara lililokuwa na mwanya na hakusema kitu. Siku ya nne, mezani, dada mmoja aliyekaa kando yake alikwama, naye akaona kosa lilipo. Alisita, kisha akalionyesha kwa kidole. Walifanya kazi pamoja hadi jioni.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuja. Binti alitokea mlango wa jikoni kama kawaida yake, lakini safari hii akiwa na sinia la chai. Shangazi akauliza, "Haya, huko Arusha mlikuwa mnafanya nini?" Mama alishafungua mdomo ili ajibu kwa niaba yake. Akaufunga, akamsogezea binti kiti.