Kula Bata Lamadi na Familia: Muulize Mvuvi Kwanza

Binamu yangu yuko Sweden. Alienda kusoma, akaganda huko huko, na siku hizi kazi yake kubwa ni kunitumia picha za kunimalizia bando. Mwaka jana kanirushia za kamji kanaitwa Söderköping. Kadogo, kasafi, nyumba za mbao, halafu pembeni umepita mfereji wa boti. Huo mfereji, Göta kanal, una kilomita 190 na malango ya maji 58. Boti likitaka kupanda mlima linaingia kwenye kichumba, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, boti linanyanyuka mdogo mdogo, lango la mbele linafunguliwa, linasepa. Ulifunguliwa mwaka 1832, na waliouchimba wengi walikuwa wanajeshi wenye sepetu, maana magreda yalikuwa bado hayajazaliwa. Madogo wa kule likizo yao ni kukaa ukingoni na aiskrimu, wanatazama boti zikipanda ngazi. Bata tupu.

Mtoto wa sista, miaka sita, akachungulia simu. "Anko, wa kwetu uko wapi?"

Nikakausha. Maana huku kwetu Mwandoya, Meatu, maji tunayajua ya lambo, ya dumu la lita 20, na yale ya kufukua mchangani mto ukikauka. Dogo alikuwa hajawahi kuona maji asiyoweza kuona mwisho wake. Na kumpeleka Sweden ni ndoto ya mchana: kwa Sheng naelewana na Mkenya yeyote, ila na Schengen hata salamu hatupeani.

Sasa masela, tusidanganyane. Maji tunayo, tena ndani ya mkoa wetu wenyewe. Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012 ilipewa Busega, na Busega ndiyo yenye Lamadi, kamji ka njia panda pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza–Musoma. Ukitoka hapo kidogo tu uko Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Unatoka Mwandoya, unapita Kisesa (yetu ya Meatu, usije ukapanda gari la ile ya Magu ukanilaumu), unakula vumbi mpaka Bariadi, halafu lami inakupokea mpaka Lamadi.

Mwezi wa kwenda ni wa sita. Shule zimefungwa, mvua imekata, na msimu wa pamba ukishafunguliwa mwezi wa tano, mkwanja wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, unaanza kusoma kwenye simu. Toa nauli siku hiyo hiyo, kabla kamati za harusi hazijaunusa. Kwenye siti piga hesabu kikubwa. Dogo wa kupakata halipi, ila konda akiona meno mawili ya mbele yameota upya, huyo ni abiria, na ubishi wako hautafika Bariadi.

Mwaka jana huo huo nilijaribu nikazingua. Nilikusanya jeshi zima: maza, sista, madogo watatu. Maza ndiye alikuwa mgumu. "We kijana, ng'ombe unamwachia nani?" Jirani akakubali kuchunga, maza akafunga michembe na karanga za kulisha kijiji, tukachomoka alfajiri. Mpango wangu ulikuwa mmoja: usiku tukae ufukweni, madogo waone taa za wavuvi wa dagaa. Nilishawahi kuziona nikiwa na masela, mwanangu, ni noma. Dagaa anafuata mwanga. Zamani walitumia karabai, sasa wengi wana taa za sola na betri, wanaziacha zielee juu ya maji giza totoro, dagaa wanajaa chini yake, wavu unapita. Ukiwa nchi kavu unaona mji mzima umewashwa ziwani, na hauna barabara hata moja.

Tumefika, usiku umeingia, madogo wamekaa mkao wa sinema. Hakuna kitu. Mbalamwezi inawaka kama tubulaiti. Saa nzima tunatazama maji meupe. Mzee mmoja anayeshona nyavu akanicheka: "Mjukuu, leo nani avue? Mwezi umejaa, taa haionekani. Wavuvi wamelala." Kumbe dagaa ana kalenda yake. Siku za giza ndiyo kazi, mbalamwezi ikijaa ni mapumziko na kushona nyavu. Mimi nilikuwa nimeangalia kalenda ya shule tu. Dogo akalala mapajani kwa bibi yake akiwa amenuna.

Kesho yake madogo walitaka kuzama ziwani kama bata wa ukweli. Hapo sista alikaza, na alikuwa sahihi. Kwenye maji ya pembeni yenye majani kuna konokono, na konokono ndio wanaobeba kichocho. Mdudu anapenya kwenye ngozi, huhitaji hata kunywa. Mamba na viboko nao hawajahama. Kwa hiyo miguu wanaoshea kwenye beseni, na ziwa wanalila kwa macho. Mtumbwi nao, bila jaketi la kujiokolea la saizi ya dogo, hapana. Si jaketi la baba lililofungwa kamba mara mbili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikaondoka na watu zaidi ya 200, na kilikuwa kimejaza kupita uwezo wake. Ukiona chombo kimejaa, kishukie hata kama umeshalipa.

Watu wataniuliza mbona sijaanza na Serengeti, wakati lango la Ndabaka liko jirani pale pale kwenye lami. Mkichanga na familia nyingine mkakodi gari, ingieni. Mwezi wa sita nyumbu wanakuwa upande huu wa magharibi, kwenye mto Grumeti, na Mtanzania analipa kiingilio cha kishkaji ukilinganisha na mzungu. Ila mpango wa keshi mkononi langoni usahau, malipo ni ya mtandao. Lakini nitawaambia ukweli wa mtoto wa Meatu: kwetu tembo si utalii, tembo ni mwizi wa mahindi. Nikimwambia dogo twende tukaone tembo, ataniuliza kama tumebeba madebe ya kumfukuzia.

Wenye siku ya ziada waunganishe mpaka Mwanza, kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, eneo lake kilomita za mraba 2.18 tu, kwa hiyo hata bibi anaimaliza kwa miguu. Boti linatoka Capri Point, dakika chache mmefika, kuna swala, kuna pimbi, na mijusi yenye rangi mbili ambayo madogo wataipenda kuliko vyote. Kisiwa hicho ni kidogo kama Söderköping, na ndiyo uzuri wake: familia haichoki, hakuna anayepotea.

Msosi Lamadi hauna mjadala. Sato wa kuchemsha, ugali wa moto, ndimu pembeni. Maza, ambaye alikuwa ameapa kula michembe yake tu, alimaliza samaki mpaka kichwa, akanyonya na mifupa, halafu akasema kimya kimya kwamba ng'ombe wangeweza kuchungwa siku moja zaidi.

Mwaka huu tunarudi. Namba ya yule mzee wa nyavu ninayo, na siti sijakata. Na wewe ukitaka kwenda, tafuta mtu mwambao ule, muulize giza la mwezi wa sita linaanza lini, ndiyo uongee na konda.