Percy Jackson: Wasomaji Walipoikataa Filamu

Mwaka 2010, wapenzi wa vitabu vya Rick Riordan walimiminika kwenye majumba ya sinema ya Marekani kumwona Percy Jackson, mwana wa Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Wengi walitoka wamenuna.

Sababu walikuwa nazo. Kitabuni Percy ana miaka 12. Kwenye filamu ya Chris Columbus alikuwa kijana mkubwa. Kronos, adui mkuu wa hadithi nzima, aliachwa nje.

Filamu ya pili ilitoka mwaka 2013, kisha kimya.

Lakini kiu ya mashabiki haikuisha. Desemba 2023, Disney+ ilianza kuonyesha tamthilia mpya, Riordan mwenyewe akiwa miongoni mwa waandaaji. Safari hii Percy aliigizwa na mvulana mdogo, Walker Scobell, na wasomaji wengi wakafurahi.