Gari haliwaki? Pima kabla ya kununua stata

Kabla hujaenda Gatsata kutafuta stata, washa taa za mbele kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia na ukasikia ta-ta-ta ya haraka, shuku betri kwanza, au vichwa vyake vyenye kutu: fungua waya wa hasi, kisha wa chanya, safisha, kaza. Pengine utakuwa umeokoa pesa ya mwezi.

Taa zikibaki na mwanga na ukasikia "ta" moja tu, huenda ni stata. Vuta breki ya mkono, gia iwe huru, igonge taratibu kwa mpini wa nyundo, jitoe, ndipo mwenzako awashe. Ikikubali, brashi zake huenda zimelika. Usizime injini mpaka gereji. Kusukuma mteremkoni? Gari la otomatiki haliwaki hivyo.