Malengelenge yasiyo ya moto

Mtoto wa kaka yangu alizaliwa mguu mmoja hauna ngozi. Kuanzia kifundo hadi vidoleni palikuwa pekundu, mfano wa mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Wakunga walitazamana, wakamfunika, wakamvalisha utepe wa jina mkononi kama watoto wengine. Kesho yake walipoutoa utepe ule, ngozi ya kiwiko cha mkono ikatoka nao.

Wifi yangu aliulizwa swali ambalo hadi leo akilikumbuka hunyamaza: "Mama, ulimwogesha na maji gani?"

Ugonjwa wenyewe unaitwa epidamolisisi bulosa. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi: ngozi ya mtoto haikushikana vizuri. Ngozi zetu zina tabaka la juu na la chini, na kati yake kuna protini zinazofanya kazi ya uzi wa cherehani. Mtoto huyu amerithi jeni yenye hitilafu, uzi ule haukutengenezwa au umetengenezwa mbovu. Ukimsugua kidogo tu, tabaka la juu linateleza, maji yanajaa katikati, lengelenge linatokea. Wenzetu wa nchi nyingine huwaita watoto hawa vipepeo, kwa kuwa bawa la kipepeo nalo ukiligusa linachanika.

Ni ugonjwa adimu, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi hadi anastaafu bila kukutana nao, kwa hiyo akiuona anafikiria kwanza yale anayoyajua. Mtoto wetu alitibiwa siku kumi kwa sindano za kuua bakteria. Sikulaumu sana hilo, maana wapo bakteria ambao kweli humfanya mtoto mchanga avuke ngozi mwili mzima, na ukichelewa kumtibu anaweza kufa. Kisha ikaja hoja ya kaswende ya kuzaliwa nayo, kwa sababu nayo huleta malengelenge viganjani na nyayoni. Kipimo ni sahihi kufanywa. Ila namna ilivyosemwa wodini, mbele ya majirani wa vitanda, nusura ivunje ndoa. Kaka alikaa siku mbili haji hospitali. Majibu yalipotoka kwamba hakuna kaswende, hakuna aliyerudi kuwaambia wale waliosikia mwanzo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama yetu alitaka mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa mitishamba. Majani aliyopendekeza ya kusugulia yangemchuna mtoto yule mzima mzima.

Aliyetuokoa ni daktari wa ngozi tuliyepewa rufaa kwake. Hakuanza na vidonda, alianza na maswali. Malengelenge yalianza lini? Yanatokea wapi, sehemu zinazosuguliwa au popote tu? Je, ana homa? Baba na mama ni ndugu? Kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyewahi kufa akiwa na vidonda? Kisha akachukua kifutio kipya cha penseli, akakisugua taratibu pajani pa mtoto mahali palipokuwa pazima. Baada ya muda ngozi ikaachia. Hapo ndipo alipokata kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Alitueleza kwamba lengelenge la zamani hudanganya, kwani ngozi huwa imeanza kujiponya, na anayetazama kwa darubini hawezi kujua tabaka liliachia wapi.

Kujua mahali hapo si udadisi wa wasomi. Likiachia juu kabisa, mara nyingi mtoto hukua na kuishi maisha yake akiwa na malengelenge ya mikono na miguu. Likiachia katikati, zipo aina ambazo watoto wengi hawavuki utotoni. Likiachia chini, kama kwa mtoto wetu, vidonda huacha makovu, kucha huanguka, vidole vinaweza kugandana, na katika aina kali saratani ya ngozi huweza kumpata akiwa bado kijana. Anatakiwa kuangaliwa na daktari maisha yake yote.

Jibu lilipokuja lilisema pia kwamba kaka na wifi, wote wawili, wamebeba jeni ile bila kuugua. Kwa hiyo kila mimba yao ina uwezekano wa robo moja kuzaa mtoto wa namna hii. Hakuna aliyekosa. Na ugonjwa hauambukizi, hata ukimbeba ukiwa na kidonda chako.

Msomaji ukiona mtoto ana malengelenge yanayorudi sehemu zinazosuguliwa, omba rufaa ya daktari wa ngozi. Pale Moshi, KCMC, tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Dawa ya kuumaliza ugonjwa bado haipo. Mwaka 2015 madaktari wa Bochum, Ujerumani, pamoja na mwanasayansi wa Italia, Michele De Luca, walimwokoa mvulana wa miaka 7 kutoka Syria. Walichukua kipande kidogo cha ngozi yake, wakarekebisha jeni, wakaiotesha maabara na kumvika sehemu takriban asilimia 80 ya mwili. Mei 2023 Marekani iliidhinisha jeli inayopakwa kidondani, yenye jeni nzima ndani yake. Bei yake kwa mtu wa kwetu ni hadithi ya sungura na zabibu.

Kinachomweka mtoto wetu hai ni kazi ya mikono. Habebwi kwa kushikwa kwapani. Mkono mmoja unapita chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo, tena juu ya kitambaa laini. Plasta ya kunata ni marufuku. Kidonda kinawekewa shashi yenye vazelini, ndipo bandeji izungushwe juu. Lengelenge jipya linatobolewa upande wa chini kwa sindano safi ya hospitali, maji yatoke, lakini ile ngozi ya juu haibanduliwi, inabaki kuwa kifuniko. Hili wifi alifundishwa na nesi, asije mtu akajifundishia gazetini. Anakula mayai, maharage na dagaa waliosagwa, kwa sababu vidonda vinamnyonya protini na damu.

Sasa ana miaka mitatu. Nguo zake zote huvaliwa ndani nje ili mishono isimkwaruze, lebo zimekatwa. Juzi nilimkuta barazani amevaa soksi mbili, viatu vimemzidi kipimo, akimwelekeza bibi yake, yule yule wa majani, jinsi ya kumbeba. "Si hapo, bibi. Huku chini."