Pweza wa miti wa Pasifiki Kaskazini-Magharibi

Pweza wa miti wa Pasifiki Kaskazini-Magharibi ni mnyama wa kubuni anayeelezwa katika tovuti ya mzaha iliyoanzishwa mwaka 1998 nchini Marekani na mtu anayejiita Lyle Zapato. Anajulikana hasa kwa sababu walimu humtumia kuwafundisha wanafunzi kupima ukweli wa habari za intaneti.

Tovuti

Tovuti hiyo inadai kwamba pweza huyu anaishi katika misitu ya mvua ya Rasi ya Olympic, jimbo la Washington, na kwamba yuko hatarini kutoweka. Amepewa hata jina la kisayansi la uongo, Octopus paxarbolis. Kuna picha, maelezo ya uzazi wake na viungo vya kurasa nyingine, baadhi yake za kweli. Adui yake anatajwa kuwa Sasquatch, jitu la hadithi za Amerika Kaskazini, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua msomaji makini. Pweza halisi wote huishi baharini na hupumua kwa matamvua.

Jaribio

Profesa Donald Leu wa Chuo Kikuu cha Connecticut na wenzake waliwaonyesha tovuti hiyo wanafunzi 25 wa darasa la saba, waliochaguliwa kwa kuwa wasomaji hodari wa intaneti. Karibu wote waliiamini. Hata walipoambiwa ni uzushi, baadhi walishikilia kwamba pweza huyo yupo.

Namna ya kufundisha

Walimu wengi hutoa orodha ya maswali: mwandishi ni nani, ukurasa uliandikwa lini, una vyanzo? Udhaifu wake ni kwamba majibu hutafutwa ndani ya ukurasa uleule unaotiliwa shaka, na mzushi anaweza kuyaandaa yote mapema.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha wanahistoria 10, wakaguzi wa ukweli wa habari 10 na wanafunzi wa chuo 25. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki palepale kwenye ukurasa, wakivutiwa na nembo na majina yenye sura rasmi. Wakaguzi waliuacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti, kisha ndipo wakarudi kusoma. Walifikia jibu sahihi mara nyingi zaidi, tena kwa muda mfupi. Njia hiyo huitwa usomaji wa pembeni.